Farasi Kumi na Wawili wa Mzee Eleuterio

Siku ya pili ya maombi walikuja watu saba tu. Mama Epifania, ambaye ndiye huongoza sala za wafu pale ranchi ya Santa Eulalia, aliwahesabu kwa macho kabla ya kuwasha mshumaa, akaguna. Mtu aliyefanya kazi mahali pamoja kwa miaka sitini na mmoja alistahili kujaziwa nyumba mpaka uani. Lakini huo ulikuwa mwaka wa pili wa serikali ya wanajeshi, na siku ya mazishi Sajini Maidana alikuwa amesimama makaburini akiandika majina ya waliokuja. Tangu hapo kila mtu akapata udhuru. Huyu mgongo, yule ng'ombe wake anazaa, na wengine hata udhuru hawakuleta. Sitawalaumu. Woga wa mwaka ule aujuaye ni aliyeuishi.

Walisali haraka haraka. Mishumaa ilikuwa imepangwa juu ya ngazi saba za mbao zilizofunikwa shuka jeupe, na pale juu kabisa ilikaa kofia ya Mzee Eleuterio Verón. Kwetu roho ya marehemu haitoki nyumbani mpaka siku ya tisa. Siku hiyo ngazi huvunjwa, shuka hukunjwa, naye huenda zake kwa amani. Mjane wake, Mama Doralisa, alikaa karibu na mlango ili asikie mtu akija. Binti yao Nélida, mwanamke wa miaka thelathini, ambaye hufua nguo za nyumba kubwa, alipitisha kibuyu cha mate, ile chai yetu chungu inayofyonzwa kwa mrija, na vipande vya chipa, ile mikate yetu ya wanga wa muhogo na jibini.

Baada ya sala kila mmoja hutoa neno moja juu ya marehemu. Alianza Ireneo, mchunga ng'ombe mwenzake wa miaka mingi, mzee mfupi mwenye miguu iliyopinda kwa kukaa juu ya farasi.

"Mimi namkumbuka mwaka wa mafuriko," alisema. "Siku nne hajashuka kwenye tandiko. Ametoa ng'ombe mia tatu majini. Siku ya tano akashuka, akajaribu kutembea, puu! Ameanguka kifudifudi. Nikamwambia, 'Ndugu, umelewa?' Akaniambia, 'Nimesahau miguu inavyotumika.'"

Walicheka kidogo, huku wamefunika midomo. Kicheko kilikuwa hakijaisha Mama Doralisa alipoinua mkono. Kulikuwa na mlio wa gari uani.

Aliyeingia ni Bwana Ferrando, msimamizi mpya, aliyeletwa kutoka Buenos Aires miezi saba iliyopita baada ya bwana mkubwa wa zamani kufariki na mwanawe kurithi. Hakuvua kofia.

"Poleni," alisema. "Naona mko wengi."

"Saba, bwana," Mama Epifania alijibu upesi. "Ni sala tu."

"Vizuri. Bibi Doralisa, nyumba inahitajika. Jumamosi asubuhi iwe tupu."

Nélida akaweka kibuyu chini. "Jumamosi hii?"

"Kwani kuna nyingine?"

"Bwana," alisema Mama Doralisa, "Jumamosi itakuwa siku ya tano. Marehemu bado yumo humu. Tukiondoka kabla ya siku ya tisa atabaki anatutafuta chumba hadi chumba."

"Mimi sina nyumba ya marehemu. Nina nyumba ya mfanyakazi, na mfanyakazi hayupo. Sindulfo anahamia na familia yake. Chukua vilivyo vyako: vitanda, kuku, vyungu."

"Na Torcaza," alisema Nélida.

"Nani huyo?"

"Farasi wetu jike. Baba alipewa na bwana mkubwa wa zamani. Ana chapa yetu."

Ferrando alicheka. "Yule kikongwe mwenye kengele? Mchukueni, mimi wa nini. Nitawaandikia kibali msije mkasumbuliwa na polisi wa kizuizi pale darajani." Akatoa karatasi, akaandika palepale kwenye goti lake: farasi jike mmoja, mzee, chapa V. Akatia sahihi.

Ireneo alifungua mdomo. Mama Epifania akamfinya paja, akaufunga.

Maana pale ndani wote saba walijua jambo ambalo msimamizi hakulijua. Torcaza alikuwa jike wa kengele. Farasi kumi na wawili wa kazi wa ranchi, wekundu wote, waliolelewa na Mzee Eleuterio mmoja baada ya mwingine, walikuwa nyuma ya kengele ile usiku na mchana. Alipolala walilala, alipokunywa maji walikunywa. Kwetu huna haja ya kukimbiza farasi kumi na wawili. Ukimshika jike umewashika wote. Na ukimwondoa jike, basi umeondoka na wote.

Lakini nani amwambie? Aliyemsahihisha Ferrando mara ya mwisho, juu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, aliitwa mchochezi mbele ya Sajini Maidana. Neno hilo mwaka ule halikuwa la kuchezea. Mtoto wa Mama Epifania mwenyewe aliitwa hivyo, akashushwa kwenye basi pale darajani, na mpaka leo hajaonekana, si mzima wala maiti.

*

Ijumaa alikuja Sindulfo, mchunga ng'ombe wa upande wa mabwawa, mtu mrefu asiyemtazama mtu usoni. Alikuwa na watoto watano, wanalala wote kwenye banda la kuhifadhia dawa ya kuogeshea ng'ombe, na mmoja alikuwa anakohoa tangu Pasaka. Alikuja na kamba. Akaanza kupima ukuta wa chumba cha mbele, akizizunguka ngazi za mishumaa kwa heshima.

"We Sindulfo!" Nélida alimkemea. "Marehemu hajapoa, unapima?"

"Nimeambiwa nilete vitanda kesho, Nélida. Nataka kujua kama vitaingia."

"Kufa kufaana, eh? Pima na kaburi basi, uone kama utaingia."

"Nélida!" mama yake alimkatiza. Aliogopa. Sindulfo alikuwa anakwenda nyumba kubwa kila jioni kupeleka habari za mifugo, na hakuna aliyejua habari gani nyingine hupeleka. Mama Doralisa akamletea maziwa. Sindulfo akayanywa amesimama, akashukuru huku akitazama sakafu, akaondoka na kamba yake.

Jioni ileile Ireneo aliingia kwa mlango wa nyuma.

"Shemeji, ukimtoa Torcaza kesho, wale kumi na wawili watakufuata mpaka mjini. Chapa ya ranchi, mapaja kumi na mawili. Pale darajani utawaambia nini?"

"Nimekwisha kulifikiria hilo tangu juzi, silali," alisema Mama Doralisa. "Nimwache?"

"Ukimwacha, gari la mizigo utalivuta wewe? Maili kumi na mbili hizo."

"Tena baba alisema tusimwache," Nélida aliongeza. "Alisema atauzwa kwa wenye machinjio."

Mwishowe Ireneo akatoa shauri. Kengele ijazwe manyoya ya kondoo isilie. Yeye angewafungia farasi wekundu kwenye zizi la mbao usiku, ajifanye anawakata kwato. Alfajiri wanawake watoke kimyakimya, na jua likipanda Torcaza atakuwa mbali. Wale watahangaika siku mbili tatu, kisha shauri ya Ferrando.

"Na wakijua ni wewe?"

"Mimi mzee, shemeji. Nitasema nimesahau."

Mama Doralisa aliichukua kengele, akaishindilia manyoya kwa kidole mpaka ulimi wake ukakwama. Miaka kumi na sita alikuwa amelala akiisikia kengele ile nje. Kila ilipokuwa haisikiki Eleuterio aliamka. Akamwambia yule aliyemo ndani, kwa Kiguarani, lugha yetu ya nyumbani, na kwa sauti ya chini: "Nisamehe, baba Nélida. Nakuacha siku nne peke yako. Hatukutaka."

*

Walitoka alfajiri, jogoo wakiwika. Kwenye gari, lililovutwa na Torcaza, kulikuwa na vitanda viwili, vyungu, kuku saba miguu imefungwa, na kofia ya marehemu imefunikwa kwa lile shuka jeupe. Walikuwa wanakwenda kwa dada yake Mama Doralisa, aliyekuwa na chumba kimoja cha mabati nyuma ya machinjio, na aliyetuma ujumbe kwamba waje, ila wajue kwamba mume wake hapendi. Kuondoka ni kubaya, lakini kuondoka kwenda mahali usipotakiwa ni kubaya zaidi.

Walivuka lango la kwanza, wakavuka la pili. Torcaza alikuwa anasita. Kila hatua kumi aligeuza kichwa, akatikisa shingo, kengele ikatoa sauti ya kitu kilichozibwa.

"Twende mama, twende," Nélida alimbembeleza.

Kisha Torcaza akalia. Hilo hawakulifikiria. Kengele walikuwa wameiziba, lakini mdomo wa farasi nani auzibe? Alilia mara moja, kwa nguvu, na kutoka mbali kule zizini wakajibiwa na sauti kumi na mbili kwa pamoja. Kisha wakasikia mbao zinavunjika.

"Yesu wangu," alisema Mama Doralisa. "Piga! Mpige akimbie!"

Nélida, ambaye tangu azaliwe hajawahi kumpiga farasi yule, alimpiga. Gari likaruka, kuku wakapiga kelele, chungu kimoja kikaanguka njiani. Haikusaidia. Farasi wekundu walitokea kwenye vumbi wakiwa wametanda barabara nzima, mmoja ana mkwaruzo wa damu kifuani, masikio yamesimama. Walipolifikia gari wakapunguza mwendo, wakajipanga nyuma na ubavuni kama wanavyojipanga kila siku ya kazi, na wakaanza kutembea taratibu. Mmoja akaweka pua yake kwenye lile shuka jeupe, akanusa.

Walishuka. Waliwatupia mawe, wakawafukuza kwa vitambaa vya kichwani, wakapiga kelele. Farasi walirudi nyuma hatua ishirini, wakawatazama, wakaja tena. Mama Doralisa aliishiwa pumzi, akakaa chini katikati ya barabara.

"Eleuterio," alisema, na sasa alikuwa analia, "ungewafundisha ubaya kidogo basi. Kidogo tu."

"Turudi, mama. Turudi tumwambie ukweli."

"Ataamini?"

"Tukifika darajani hivi tutaitwa wezi."

Waligeuza gari. Lakini hawakufika hata lango la pili. Mbele yao, kutoka ranchi, lilikuja gari la Ferrando, na nyuma, kutoka darajani, lilikuja gari la polisi. Ferrando alikuwa amekwisha kupiga simu.

*

Sajini Maidana alishuka na askari wawili wenye bunduki. Vijana hao hawakuwa wa kwetu. Waliwatazama farasi kama watu wasiojua upande upi unauma. Ferrando alishuka na Ireneo na Sindulfo, ambao aliwakuta zizini.

"Kumi na wawili!" Ferrando alipiga kelele. "Nimewapa kibali cha mmoja, wamebeba kumi na wawili! Na marehemu hana hata wiki kaburini!"

"Bwana, tulikuwa tunarudi," alisema Nélida. "Angalia gari limeelekea wapi."

"Mmeona gari langu ndiyo mkageuza."

Sajini alimzunguka Torcaza polepole, akaishika kengele, akaitikisa. Haikulia. Akaingiza kidole, akavuta manyoya, akayashika juu wote wayaone. Mama Doralisa aliyaona manyoya yale mkononi mwa polisi. Ni hapo tu alipoelewa walichofanya.

"Nani ameziba kengele?" sajini aliuliza.

"Si nilikwambia?" alisema Ferrando. "Mwizi tu ndiye huziba kengele. Wapeleke."

"Bibi, nauliza. Nani ameziba?"

Ireneo alikohoa. Lakini Mama Doralisa alitangulia.

"Mimi."

"Kwa nini?"

Maisha yake yote alikuwa hajawahi kusema maneno zaidi ya matano mbele ya askari. Alishika ukingo wa gari asianguke.

"Ili wasinifuate, bwana sajini. Wanamfuata huyu jike. Si mimi niliyewaita. Mume wangu aliwafundisha. Kila mmoja alipotoka kuhasiwa alimfunga shingo kwa shingo na huyu jike, wakala pamoja, wakalala pamoja, naye mwenyewe analala nje pembeni yao na ngozi ya kondoo, baridi ya Julai, ili wasiumizane. Nilikuwa nampelekea chakula huko huko. Watu wanasema ana bidii, ana bidii, bidii gani, mtu alikuwa hana kitanda! Alikuja hapa ana miaka kumi na miwili, ameanza kwa kuchota maji. Ameumwa na nyoka mara mbili. Vidole viwili vimekatwa na kamba. Siku ya kufa aliniuliza kama wamekunywa maji, hakuniuliza mimi nimekula. Miaka sitini na mmoja hajachukua hata msumari wa ranchi. Sasa leo niseme mimi ni mwizi? Wa farasi wake? Mnipeleke, lakini binti yangu hajafanya kitu."

Askari mmoja kijana alitazama viatu vyake. Sindulfo pia.

"Hadithi nzuri," alisema Ferrando. "Sindulfo, Ireneo, pandeni, warudisheni hao."

Walipanda farasi wawili kati ya wale wekundu, bila tandiko, wakawaswaga wengine. Farasi walikwenda hatua mia. Kisha wakazunguka duara, taratibu, bila hasira, wakarudi kwenye gari. Hata wale wawili waliopandwa walirudi na wapanda wao. Mara ya pili Ferrando mwenyewe aliwafuata na gari akipiga honi. Walikimbia, wakamzunguka, wakamwacha peke yake kwenye tope, honi ikilia. Hakuna aliyecheka. Kucheka siku ile kulikuwa na gharama.

Alirudi amelowa jasho. "Sajini, mpige risasi huyo jike."

Nélida alipiga yowe. Mama Doralisa alijishika kwenye shingo ya Torcaza, na yule askari kijana akainua bunduki bila kujua aielekeze kwa nani.

Maidana alizaliwa kwenye banda la ranchi kama sisi wote. Alikuwa mwoga wa wakubwa wake, hilo linajulikana, na siku nyingine aliwatendea watu mambo ambayo sitayasahau. Lakini farasi aliwajua.

"Naweza," alisema. "Kwa kibali ulichowapa farasi ni wa bibi, kwa hiyo utaniandikia amri, na sahihi yako. Nikipiga, hawa kumi na wawili wataingia kwenye mabwawa. Utawatafuta mpaka Krismasi. Kazi ya kupiga chapa ndama inaanza lini?"

Ferrando aliwatazama wale farasi. Ilikuwa inaanza baada ya siku kumi, na bwana mkubwa kijana alikuwa anakuja kutoka Buenos Aires na wanunuzi wa ng'ombe.

"Arudi nyumbani na jike wake," alisema mwishowe, kwa hasira ya mtu aliyeona aibu mbele ya watumishi. "Atakaa mpaka farasi wazoee jike mwingine. Nitanunua. Siku watakapozoea, siku hiyohiyo anatoka. Na huyo kikongwe namtuma machinjioni."

Sajini aliandika jina la Mama Doralisa daftarini, na la Nélida chini yake. Hakusema ya nini.

Njiani kurudi Ireneo alitembea kando ya gari. "Siku arobaini, shemeji," alinong'ona. "Mtu anayejua kazi hawazoezi jike mpya zaidi ya siku arobaini. Ferrando asijue tu."

Mama Doralisa alimkanyaga mguu, lakini alikuwa amechelewa. Sindulfo alikuwa nyuma yao hatua tatu, anavuta farasi aliyejeruhiwa, na alikuwa amesikia kila neno.

*

Siku nne za kungoja siku ya tisa hakukulalika. Sindulfo alipita mara mbili kwenda nyumba kubwa, na kila alipopita Mama Doralisa alisimama dirishani mpaka arudi. "Akisema, tumekwisha," alimwambia binti yake. "Na kwa nini asiseme? Watoto watano wanalala kwenye sumu. Mimi ningekuwa yeye ningesema." Nélida alimwambia asimuwazie mtu mabaya. Yeye mwenyewe usiku alifungasha tena vyungu.

Siku ya tisa, saa kumi jioni, walikuja watu ishirini na wawili. Habari ya barabarani ilikuwa imezunguka, na nadhani watu waliona aibu. Walijaa mpaka mlangoni. Mke wa Sindulfo alikaa pembeni na yule mtoto anayekohoa mapajani. Sindulfo alisimama ukutani na kofia mikononi. Mama Epifania alikuwa amefika kwenye litania, anasoma, wengine wanaitikia, wakati gari liliposimama uani.

Sauti zote zilikatika. Ferrando aliingia. Nje, nyuma ya gari lake, alikuwa amefungwa farasi jike kijana, mweupe, mwenye kengele mpya.

"Endeleeni, sikai," alisema. "Nataka jambo moja tu. Jike huyu hapa. Ataanza kuzoezwa kesho. Bwana mkubwa anataka kujua itachukua muda gani, na nyote mko hapa, hakuna atakayenidanganya peke yake. Ireneo?"

"Mwaka, bwana."

"Mwaka mzima? Wewe?" Alimwelekezea kidole mzee wa zizi la kondoo.

"Mwaka ndiyo, bwana. Na mvua zikiwa nyingi, mwaka na nusu."

Aliuliza mwingine, na mwingine. Kila mtu alijibu upesi, na kila mtu alikuwa anajua kwamba kuna mlango mmoja tu uliobaki wazi. Ferrando naye hakuwa mjinga. Aliyaacha yale macho yaliyomzunguka, akageuka ukutani.

"Sindulfo. Nyumba hii ni yako wakishazoea. Wewe hutanidanganya. Siku ngapi?"

Mtoto alikohoa. Mke wa Sindulfo alimtazama mumewe, kisha akainama akamfunika mtoto kifua. Mama Doralisa alifumba macho. Alikuwa ameshika kiti cha mbele yake. Alikuwa anasema moyoni, sema, mwanangu, sema tu iishe, sina kinyongo.

Sindulfo alizungusha kofia mikononi. Kwa mara ya kwanza tangu tumjue aliinua uso akamtazama mtu machoni.

"Miaka miwili, bwana," alisema.

"Miwili?"

"Hawa si farasi wa kawaida. Mzee aliwashika sana. Ukiharakisha watatoroka wote. Mimi nisingeharakisha."

Ferrando alimtazama muda mrefu. Alitazama na wengine, uso kwa uso, ishirini na mbili. Akaandika kitu kwenye daftari lake, akatoka, na gari likaondoka polepole kwa ajili ya yule jike aliyefungwa nyuma. Mtu akasema, "Mama yangu wee," kwa sauti ya chini. Ireneo alikaa sakafuni.

Mke wa Sindulfo alikuwa analia bila sauti, uso kwenye nywele za mtoto wake. Alikuwa ameshakiona kitanda chao kwenye kile chumba cha mbele. Alikwisha kushona na pazia.

"Tulikuwa tumefika wapi?" aliuliza Mama Epifania, akitafuta mstari.

"Ngoja kidogo, dada," alisema Mama Doralisa. Aliinuka, akapita katikati ya watu mpaka kwa yule mwanamke, akamshika bega. "Kesho mlete vitanda. Mimi na Nélida tutalala nyuma, nyinyi mbele. Huyu mtoto halali tena kwenye dawa ya ng'ombe."

"Mama, na bwana msimamizi?" aliuliza yule mwanamke.

"Akiuliza, mwambie umekuja kunisaidia. Na huyo mwanao mkubwa anayeiba mayai umwonye mapema, mimi nachapa."

Kisha akarudi kwenye kiti chake, na Mama Epifania akaendelea na litania.